Epictète, mutumwa mwenye kufundisha watu namna ya kuishi

Wasomaji wetu, wanaume wa mugodi na mama wa nyumba, mara mingi tunasikia watu wanasema filozofi ni kazi ya wale waliosoma sana, wale wa vitabu vizito. Leo tunapenda kuwapasha habari ya mutu ambaye hakuandika kitabu hata kimoja. Alikuwa mutumwa, tena kilema wa muguu. Kazi yake ilikuwa kukaa na watu na kuzungumza nao juu ya mambo ya kila siku: hasira, bwana mukali, mutoto mugonjwa, kifo. Jina lake Epictète.

Alizaliwa karibu mwaka 50 kiisha Yesu, ku Hiérapolis, muji wa inchi ile ambayo leo inaitwa Uturuki. Jina Epictète, mu Kigiriki, maana yake ni mwenye kununuliwa. Njo jina alilobaki nalo paka kufa, na hata leo tunamuita vile.

Akafikishwa Roma, mu nyumba ya Epaphrodite. Huyu naye alikuwa mutumwa zamani, akapata uhuru, akawa karani wa Kaisari Néron. Juu ya muguu wa Epictète watu walisimulia habari mbili: wengine walisema bwana wake njo alimuvunja, wengine walisema ni ugonjwa. Vyovyote, alitembea kwa kuchechemea.

Angali mutumwa, alikuwa anaenda kusikiliza mwalimu Musonius Rufus. Kisha akapata uhuru, naye akaanza kufundisha. Karibu mwaka 93 Kaisari Domitien akafukuza walimu wa filozofi mu Roma. Epictète akavuka bahari, akafungua masomo ku Nicopolis, mu Ugiriki. Ulikuwa muji wa njia: wasafiri wa kutoka Italia walipita pale, na wengi walisimama kwake kumuuliza shauri.

Kulikuwa saa ya kusoma vitabu vya wakubwa wa zamani. Lakini kitu watu wanakumbuka paka leo ni yale mazungumzo. Mutu anaingia na shida yake, anakaa, anaulizwa maulizo, na wengine wanasikiliza. Kijana mumoja, Arrien, aliandika mule mazungumzo sawa alivyosikia, kwa luga ya watu wote, hapana luga ya kujionyesha. Vitabu vilikuwa 8, leo vimebaki 4.

Tuchukue mazungumzo moja. Siku moja mukubwa mumoja wa serikali alifika. Epictète akamuuliza habari ya bibi na watoto. Yule baba akasema watoto wanamutia huzuni sana: juzi binti yake aliugua, naye hakuweza kuvumilia kumuangalia, akatoroka nyumbani paka alipopata habari kwamba mutoto amepona. Akaona alifanya sawa baba yeyote mwenye mapendo. Epictète hakumutukana. Akamuuliza kama mama ya mutoto anamupenda naye. Akakubali. Basi mama naye angetoroka? Na mwenye kumulea, naye angetoroka? Kama wote wenye kumupenda wanakimbia, mutoto atakufia mu mikono ya wale wasiomupenda. Na wewe mwenyewe, siku ya ugonjwa wako, utapenda watu wakupende namna ile? Yule baba akaona kwamba si mapendo yaliyomutorosha. Ni mawazo aliyojipa mwenyewe.

Wandugu, huyu baba tunamujua. Mutoto yuko opitali, mama analala chini kando ya kitanda, na baba yuko ku nganda, anasema moyo wake hauwezi kuona vile. Tumepata kumuona mu kambi zetu, na pengine tumepata kuwa yeye.

Fundisho kubwa la Epictète ni fupi. Vitu viko namna mbili. Kuko vile vilivyo mu mikono yetu: tunavyofikiri, tunavyotaka, tunavyotenda. Kuko na vile visivyo mu mikono yetu: mwili, mali, cheo, na maneno ya wengine. Mutu akichanganya hizi mbili, atalia kila siku.

Naye alijipima kwa fundisho lake. Alikuwa na taa ya chuma nyumbani, mwizi akaiiba. Akasema mu roho: kesho nitapata taa ya udongo. Hakulaani mwizi, hakukosa usingizi.

Mumoja atatuambia: hii ni dawa ya kunyamazisha wafanyakazi! Tuliwaza vile sisi pia. Ni kweli, Epictète hakupigana kuvunja utumwa, na hapo tunamuona ni mufupi. Lakini alifundisha mabwana kwamba mutumwa ni ndugu yao, mutoto wa Mungu mumoja. Tena fundisho lake halisemi kunyamaza. Kuonyesha mbao iliyopasuka mu shimo, kuuliza mushahara unaobaki, kukataa kusaini uongo: hii yote iko mu mikono yetu. Jibu la shefu haliko. Mutu akijua hivi, anasema neno lake bila kutetemeka, na likikataliwa harudi nyumbani kupiga bibi.

Mu uzee wake rafiki alitaka kutupa mutoto wake. Epictète, ambaye hakuwa na bibi, akamuchukua huyu mutoto, akatafuta mwanamuke wa kusaidia kumulea. Alikufa karibu mwaka 135. Kisha Kaisari Marc Aurèle, mwenye kutawala Roma yote, akasoma mafundisho ya huyu mutumwa na kuyashika.

Ile taa yake ya udongo, mutu mumoja aliinunua kwa drakma 3 000. Aliwaza kwamba akisoma usiku kwa mwangaza wake, akili ya Epictète itamuingia. Watu wakamucheka.

Sisi hatuna lazima ya taa. Jioni, kiisha kutoka kazi, ku barza, mumoja alete jambo lake, wengine wamuulize pole pole, bila kumuchekelea: hapa, nini iko mu mikono yako? Tuanze na yule baba wa ku nganda. Mutoto wake angali anamungoja.