RUBANI WA MIGUU YA BANDIA: MAISHA YA DOUGLAS BADER WA DUXFORD

Najua nimepotea kidogo, mtanisamehe. Leo nimekuja na stori ndefu, kwa hiyo wewe uliyelipia dakika 30 tu hapo kafe, acha kwanza kufungua kurasa zingine, twende pamoja.

Kaka yangu yuko Uingereza, anabeba maboksi kama wengi wetu walioko huko. Juzi alipata siku ya mapumziko akaenda kutembea Duxford, karibu na mji wa Cambridge, kwenye makumbusho ya ndege. Akanitumia picha kibao. Duxford siyo jumba tu la kuwekea ndege kuukuu. Ni uwanja wa ndege wenyewe, uliojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na mpaka leo ndege zinaruka na kutua pale. Mabanda ya zamani yenye mapaa ya mbao bado yamesimama, isipokuwa moja ambalo lililipuliwa mwaka 1968 kwa ajili ya kutengeneza filamu ya vita. Ndiyo, lililipuliwa makusudi, banda la watu! Kuna Concorde unaingia mpaka ndani, kuna midege mikubwa ya Wamarekani, na kuna chumba cha kuongozea vita kilichopangwa kama kilivyokuwa mwaka 1940, na meza yenye ramani kubwa ambayo akina dada wa jeshi walikuwa wanasogeza alama juu yake kwa vijiti virefu.

Picha hizo nilimwonyesha mshikaji wangu wa mtaani, fundi simu, ambaye alikatwa mguu chini ya goti baada ya ajali ya bodaboda. Akapenda ndege za Spitfire. Mimi nikamwambia subiri, hapo Duxford alikuwepo rubani asiye na miguu yote miwili. Akanicheka, akaona nampiga fiksi. Ndiyo maana nikakaa kusoma vizuri habari za huyu mtu, na nilichokuta kimenipa furaha na pia kimenikera.

Douglas Bader alizaliwa London tarehe 21 Februari 1910. Utoto wake haukuwa wa raha. Wazazi walikuwa India, yeye akaachwa kwa ndugu kisiwani Man akiwa bado mtoto mchanga. Baba yake, mhandisi, alijeruhiwa vitani Ufaransa mwaka 1917, na majeraha hayo yakamuua mwaka 1922 katika hospitali ya Saint-Omer. Likumbukeni jina la mji huo, tutarudi tena huko. Mama akaolewa na mchungaji, kijana akakua mtukutu, mpenda ngumi na raga, asiyependa kuambiwa neno. Mwaka 1928 aliingia chuo cha marubani wa jeshi cha Cranwell, na mwaka 1930 akapangiwa kikosi namba 23. Huko akawa bingwa wa sarakasi za angani. Kwenye raga pia alikuwa si mchezo, alichezea klabu ya Harlequins na watu walishaanza kumtaja kwa timu ya taifa.

Sasa ikaja tarehe 14 Desemba 1931. Alikwenda na wenzake kwenye uwanja mdogo wa Woodley, karibu na mji wa Reading. Siku hizi pale pamejaa nyumba za watu, ila kuna makumbusho madogo ya ndege pembeni. Inasemekana vijana wa pale walimtia maneno aonyeshe ufundi wake. Jeshi lilishakataza michezo ya chini chini, lakini yeye huyo akarusha ndege yake ya Bulldog, akashuka mpaka karibu na majani, akaibiringisha. Ncha ya bawa ikagusa ardhi. Basi, kwisha habari. Hospitalini Reading daktari wa upasuaji, Leonard Joyce, alimkata mguu wa kulia juu ya goti, na baada ya siku chache ikabidi akate na wa kushoto chini ya goti. Kijana alikuwa na miaka 21. Baadaye kwenye daftari lake la safari za ndege aliandika maneno machache tu, kwamba alianguka akiibiringisha ndege chini mno na kwamba ilikuwa kazi mbovu. Hakumlaumu mtu.

Mwaka 1932 alipelekwa Roehampton kupimwa miguu ya bandia ya kampuni ya ndugu wa familia ya Desoutter. Hapa mshikaji wangu alitega sikio kabisa. Mmoja wa ndugu hao, Marcel, alikuwa rubani mwenyewe, akapoteza mguu kwenye ajali ya ndege Hendon mwaka 1913. Mguu wa mti ulikuwa mzito, ndipo ndugu yake Charles akabuni mguu mwepesi wa aluminiamu, yaani madini yale yale ya sufuria zetu za nyumbani. Wakaanzisha biashara. Wataalamu walimwambia Bader ukweli, kwamba mtu aliyekatwa miguu yote miwili, mmoja juu ya goti, hataweza kutembea bila fimbo. Akakataa fimbo. Alianguka, akainuka, akaanguka tena, jasho likimtoka, vigutu vikimchubuka. Na fimbo hakuitumia. Akaendesha gari lililobadilishwa pedali, akajifunza gofu, na akampata binti aitwaye Thelma aliyekuwa akihudumu kwenye mgahawa wa chai. Walifunga ndoa mwaka 1933.

Akajaribiwa kurusha ndege akaweza vizuri tu. Lakini jeshi likamwambia hakuna kanuni inayozungumzia rubani wa aina yake, kwa hiyo asante na kwaheri. Alitolewa jeshini mwaka 1933, akawa karani wa ofisi ya kampuni ya mafuta. Miaka 6 mtu anakaa kwenye meza anaangalia makaratasi huku moyo uko juu. Wangapi wetu tunaijua hali hiyo ya kuambiwa unaweza lakini karatasi haziruhusu?

Vita ilipoanza mwaka 1939 Waingereza walihitaji marubani. Bader akasumbua ofisi za watu mpaka wakampa jaribio Upavon, Oktoba 1939. Kulikuwa na kikwazo kimoja. Ndege ya mafunzo waliyompa, Harvard, ilikuwa na breki za kukanyaga kwa vidole, na yeye vidole hana. Bahati nzuri aliyemtahini ni rafiki yake wa Cranwell, akamsaidia upande wa breki. Isitoshe ndege za kivita zenyewe, Spitfire na Hurricane, breki zake ni za mkono. Kwa usukani wa miguu alitumia nguvu za nyonga. Akafaulu.

Mapema mwaka 1940 akapelekwa Duxford, kikosi namba 19, ambacho ndicho kilikuwa cha kwanza kupewa Spitfire, mwaka 1938. Mwanzo haukuwa mzuri. Siku moja aliruka akiwa amesahau kuweka propela sawa, ndege ikakosa nguvu ikajibwaga mwishoni mwa uwanja. Alipotoka akaona miguu yake imepinda. Mwingine angekuwa na mifupa iliyovunjika, yeye akabadilisha miguu mingine. Mshikaji wangu alicheka hapo mpaka akadondosha bisibisi!

Juni 1940 akapewa kikosi chake mwenyewe, namba 242 pale Coltishall, wengi wakiwa Wakanada waliorudi Ufaransa wamepigwa, wamekata tamaa, hawana hata spana. Walipomwona bosi mpya anatembea kwa kuyumba wakatazamana. Yeye akapanda Hurricane, akafanya sarakasi juu ya vichwa vyao karibu nusu saa. Kisha akawaambia wakubwa kwamba kikosi hakitapigana mpaka vifaa vije. Vikaja.

Kutoka hapo likaja jambo ambalo wanahistoria wanagombana mpaka leo. Kwenye vita ya anga ya Uingereza, kamanda wa kusini, Keith Park, alikuwa anatuma vikosi vidogo vidogo haraka kuwahi Wajerumani kabla hawajadondosha mabomu. Bader na mkubwa wake Leigh-Mallory wakasema hapana, vikusanywe vikosi vingi viende kwa mpigo. Duxford ndiyo ikawa kituo cha mpango huo. Tarehe 15 Septemba 1940 Bader aliongoza vikosi 5 pamoja juu ya London. Kwa Wajerumani walioambiwa Waingereza wameishiwa ndege, kuona kundi lile lilikuwa pigo. Lakini kupanga vikosi vyote angani kulichukua muda, na mara kadhaa walifika mabomu yameshashuka. Na zile hesabu za ndege zilizoangushwa zilikuwa na chumvi. Siku ile Waingereza walitangaza 185, ukweli ni kwamba zilikuwa kama 60. Mimi kwa maoni yangu Park alikuwa sahihi, lakini mwishoni mwa mwaka huo aliyepoteza nafasi yake ni Park huyo huyo, pamoja na mkuu wao Dowding. Kelele nazo zina nguvu yake.

Tarehe 9 Agosti 1941, akiongoza vikosi vya Tangmere, Bader aliangushwa juu ya Ufaransa. Yeye aliamini amegongana na ndege ya Mjerumani, watafiti wa baadaye wakasema huenda alipigwa na mwenzake kwa makosa. Ndege inashuka, mguu wa kulia umenasa ndani. Akajivuta, mikanda ya mguu ikakatika, akatoka na mwavuli huku mguu umebaki kwenye ndege. Mwenye mguu wa nyama angekufa nao. Na alipelekwa hospitali ya mji gani? Saint-Omer, kule kule alikofia baba yake.

Wajerumani walimheshimu. Wakautafuta mguu kwenye mabaki, wakautengeneza, wakawaambia Waingereza walete mwingine na ndege yao haitaguswa. Waingereza wakakataa hisani hiyo. Tarehe 19 Agosti wakaudondosha mguu kwa mwavuli, kisha wakaendelea kwenda kupiga mabomu. Bader naye shukrani yake ilikuwa kufunga mashuka na kushuka dirishani usiku. Alikamatwa kwenye nyumba ya Wafaransa waliomficha, na Wafaransa hao wakapata adhabu kali. Baadaye, kambini, Wajerumani walifikia kumtishia kumnyang'anya miguu maana alikuwa hatulii. Agosti 1942 wakamfungia ngome ya Colditz mpaka Wamarekani walipoikomboa Aprili 1945. Tarehe 15 Septemba 1945 ndiye aliyeongoza ndege 300 juu ya London kusherehekea ushindi.

Hapo ningeweza kuishia, na filamu iliyotengenezwa mwaka 1956 kuhusu maisha yake iliishia karibu hapo hapo. Lakini wadau, kuna mambo mawili filamu haikuyasema.

La kwanza ni la Colditz. Kulikuwa na askari wa kawaida, Mskoti, mhudumu wa tiba, ambaye kazi yake ilikuwa kumhudumia Bader. Ngome ile ina ngazi nyingi. Mskoti huyu alikuwa anambeba mgongoni kumpeleka kuoga na kumrudisha, kila siku. Mwaka 1943 Wajerumani wakakubali kuwarudisha kwao wahudumu wa tiba, naye akiwemo. Alipokwenda kuaga, Bader akamkatalia, eti amekuja pale kama mtumishi wake na atabaki kuwa mtumishi wake. Akabaki miaka 2 mingine kifungoni.

La pili linatuhusu sisi. Baada ya vita Bader alirudi kampuni ya mafuta, akazunguka dunia kwa ndege ndogo, Afrika akiijua vizuri. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith walipojitangazia uhuru wao ili Waafrika wasitawale, Bader aliwaunga mkono hadharani, na hata makaburu wa Afrika Kusini aliwatetea. Desemba mwaka huo huo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia hiyo hiyo, na Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar. Kwa hiyo huyu shujaa ninayewasimulia kwa mbwembwe, wazee wetu walipokuwa upande huu, yeye alikuwa upande ule.

Na wakati huo huo alikuwa anaandikiana barua na watu waliokatwa viungo, anawatembelea hospitalini, anawafokea watoto wasikubali fimbo kama alivyokataa yeye. Kwa kazi hiyo alipewa cheo cha Sir mwaka 1976. Alifariki kwa moyo usiku wa tarehe 5 Septemba 1982, ndani ya gari akitoka kwenye dhifa London, akiwa na miaka 72.

Nilijiuliza sana kama nimsimulie mshikaji wangu hizo sehemu mbili. Alishaanza kumwita Bader babu yangu. Mwisho nikaona nikificha nitakuwa namdharau, nikamwambia zote. Ile ya Rhodesia aliguna tu, akaendelea kufungua simu ya mteja. Ila ile ya Colditz aliweka bisibisi chini. Kwao wanapanga ghorofa ya tatu, na miezi minne baada ya ajali mdogo wake ndiye alikuwa anambeba mgongoni kwenda kliniki na kumpandisha tena.

Akaniuliza yule Mskoti alifika kwao salama? Nikamjibu alifika.