Ngozi ya Chui: Paul Robeson na Swali la Maleba

Mwigizaji ana mali moja ambayo hawezi kuiacha nyumbani anapokwenda kazini, nayo ni mwili wake. Vijana wa vikundi vya maigizo katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Umoja na Kayole, hulijua jambo hili kabla hawajasoma nadharia yoyote ya drama. Siku mwelekezi anapompa mmoja wao uhusika unaomtaka avue nguo, hoja ya kwanza huwa mzazi atasemaje, na majirani wa ploti watasemaje. Ni hoja halali. Hata hivyo, maisha ya Paul Robeson, Mmarekani mweusi aliyepata sifa kote duniani kwa uimbaji na uigizaji, yanadhihirisha kwamba lipo swali gumu zaidi: mwili ukishavuliwa na kupigwa picha, picha hiyo huwa ya nani?

Robeson alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 mjini Princeton, New Jersey. Babake, aliyekuwa kasisi, alizaliwa utumwani North Carolina akatoroka angali kijana. Mamake alifariki mwaka wa 1904 kutokana na ajali ya moto. Kijana huyu alihitimu katika Chuo cha Rutgers mwaka wa 1919, akiwa pia mchezaji hodari wa kandanda ya Kimarekani, kisha akapata shahada ya sheria Columbia mwaka wa 1923. Uanasheria wake haukudumu. Katibu mzungu alikataa kuandika maneno ambayo Robeson alikuwa akimsomea, naye akaondoka katika ofisi hiyo asirudi. Sheria ikampoteza, jukwaa likampata.

Mwaka wa 1924 aliigiza katika tamthilia ya Eugene O'Neill iitwayo The Emperor Jones. Mhusika mkuu, Brutus Jones, ni mtawala aliyejitwika ufalme katika kisiwa kimoja. Raia wanapomwasi, anakimbilia msituni, na kila onyesho linapopita sare yake ya kifahari inazidi kuraruka hadi anabaki na kitambaa kiunoni. Hapa utupu una kazi ya kifani. Maleba yanavuliwa sambamba na uongo wa mhusika, na mtazamaji aliyezoea kuyachukulia maleba kama mapambo tu hulazimika kuyasoma upya. Robeson aliukubali uhusika huo, na kwa hakika ndio uliomjengea jina New York na, mwaka uliofuata, London.

Katika miaka iyo hiyo alikubali jambo lililohitaji ujasiri zaidi. Alimsimamia mchongaji Antonio Salemmé akiwa uchi kabisa, mikono yake ikiwa imeinuliwa juu, na sanamu ikapewa jina la nyimbo za kidini za watumwa. Mwaka wa 1930 chama cha Philadelphia Art Alliance kilikataa kuionyesha hadharani kwa sababu ya utupu wake. Inafaa kukumbuka kwamba majumba ya sanaa ya Marekani yalijaa sanamu za vijana wa Kiyunani wasio na hata uzi mwilini. Si vigumu kutambua kwamba kilichowatisha waheshimiwa hao kilikuwa rangi ya mwili uliovuliwa.

Baadaye Robeson alihamia London. Kati ya 1933 na 1934 alijiunga na taasisi iliyokuwa ikifundisha lugha za Mashariki na Afrika, akasoma Kiswahili miongoni mwa lugha nyingine. Alitaka kuijua Afrika kupitia ndimi zake. Kwa hivyo ndugu wawili, Alexander na Zoltan Korda, walipomletea uhusika wa Bosambo katika filamu ya Sanders of the River, alikuwa na matumaini makubwa. Zoltan alikuwa amesafiri barani Afrika na kunasa picha za ngoma na maisha ya watu, na Robeson aliamini kwamba hatimaye ulimwengu ungeuona utamaduni huo kwa heshima. Akavaa ngozi ya chui, akaacha kifua wazi, akaimba. Miongoni mwa Waafrika waliochukuliwa kuujaza umati katika filamu hiyo alikuwamo Mkenya aliyekuwa akiishi London, Jomo Kenyatta.

Filamu ilipotoka mwaka wa 1935 ilikuwa wimbo wa kuusifu ukoloni. Bosambo amekuwa mtumishi mtiifu wa afisa Mwingereza, naye afisa huyo amevaa suti nadhifu ilhali Waafrika wote wako nusu uchi mbele yake kama watoto mbele ya baba. Tukilinganisha, kitambaa cha Brutus Jones hakikuwa kikubwa kuliko ngozi ya Bosambo. Tofauti ilikuwa katika uhariri, chumba ambacho mwigizaji hakualikwa. Marcus Garvey alimlaumu hadharani kwa filamu alizokubali kucheza. Robeson alijitetea kwanza, kisha akaikana filamu hiyo.

Alilojifunza alilitia katika mkataba. Alipokubali kucheza katika Song of Freedom mwaka wa 1936, alidai haki ya kuidhinisha filamu katika umbo lake la mwisho. Kwa mwigizaji mweusi wa wakati huo, dai hilo lilikuwa kubwa mno. Kenyatta naye, mwaka wa 1938, alijitokeza katika picha ya kitabu chake Facing Mount Kenya akiwa amejitanda vazi la ngozi na kushika mkuki. Ngozi ni ngozi, lakini hii aliichagua mwenyewe, juu ya maneno yake mwenyewe.

Mwaka wa 1942, baada ya kuvunjwa moyo tena na Tales of Manhattan, Robeson aliachana na filamu za Hollywood. Mwaka uliofuata aliigiza Othello huko Broadway, mara 296. Kenyatta, aliyekuwa rais wa KAU, chama kilichofanya mikutano katika ukumbi wa Kaloleni, alipokamatwa mnamo Oktoba 1952, Robeson alimtetea akiwa Marekani. Hangeweza kusafiri: serikali ilimnyima pasipoti kuanzia 1950 hadi 1958.

Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976. Kenyatta alikuwa Rais wa Kenya. Sanders of the River ingalipo, na Bosambo angali amevaa ngozi yake ya chui.