Mbaruk bin Rashid wa Gazi: Mwasi kwa Nani?

Utangulizi

Msafiri atokaye Likoni kuelekea Lunga Lunga, akishapita Ukunda na njia panda ya kuingilia Diani, hukuta barabara ndogo ikichepuka upande wa baharini kabla hajafika Msambweni. Barabara hiyo humfikisha Gazi, kijiji cha wavuvi, minazi na mikoko. Wengi waijuao Gazi siku hizi huijua kwa sababu ya mikoko yake, ambayo wanakijiji wamekuwa wakiihifadhi chini ya mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013. Ni wachache wakumbukao kwamba hapo ndipo yalipokuwa makao ya mtu aliyezisumbua serikali mbili, ile ya Unguja na ile ya Uingereza, kwa muda wa miongo kadhaa. Jumba lake kongwe lilikuja kutumiwa kama shule, na watoto wakajifunza kusoma ndani ya kuta ambazo historia yake haimo katika vitabu walivyosomeshwa.

Makala haya yanakusudia kusimulia maisha ya Sheikh Mbaruk bin Rashid bin Salim al-Mazrui. Lengo letu si kumtukuza wala kumshutumu, bali ni kuuliza swali linalotuhusu sisi tunaosomea lugha na fasihi. Vita alivyopigana mwaka 1895 na 1896 vimeitwa, katika maandishi mengi, uasi wa Wamazrui, naye akaitwa mwasi. Kuasi ni kuacha kuitii mamlaka ambayo mtu anawajibika kuitii. Hivyo basi, kabla ya kulikubali jina hilo hatuna budi kuuliza: je, utiifu huo Mbaruk alikuwa akidaiwa na nani, na kwa haki gani?

Asili Yake

Wamazrui ni ukoo uliotoka Omani, ambao uliitawala Mombasa tangu nusu ya kwanza ya karne ya 18. Mwanzoni walitawala kama maliwali wa Imamu wa Omani. Baadaye wakajitawala wenyewe. Seyyid Said alipoanza kuueneza utawala wake katika pwani ya Afrika Mashariki, Mombasa ndiyo iliyomkatalia kwa muda mrefu zaidi. Katika kutafuta ngao, Wamazrui waliwahi hata kuipandisha bendera ya Uingereza juu ya mji wao mwaka 1824, ila Waingereza waliondoka mwaka 1826 na kuwaacha wakabiliane na Seyyid Said peke yao.

Mwisho wa utawala huo ulifika mwaka 1837. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, pamoja na wakuu wengine wa ukoo wapatao 25, walikamatwa kwa hila baada ya kuuamini upande wa pili. Walisafirishwa hadi Bandar Abbas katika Ghuba ya Uajemi, na wengi wao hawakurudi tena. Rashid huyo ndiye aliyekuwa baba yake Mbaruk. Kwa hiyo tangu utotoni Mbaruk alijua jambo moja ambalo halikumtoka maishani: kwamba mtu aweza kujitoa mikononi mwa mwenye nguvu kwa kuamini ahadi, na asionekane tena.

Walionusurika waligawanyika makundi mawili. Kundi moja lilikwenda kaskazini, likafanya makao Takaungu. La pili likaelekea kusini, likatulia Gazi, miongoni mwa Wadigo. Watu wa Takaungu walielewana na Unguja mapema. Watu wa Gazi hawakuelewana nayo kwa urahisi, hasa baada ya Mbaruk kushika uongozi.

Mbaruk na Masultani wa Unguja

Kwa takriban nusu ya maisha yake Mbaruk aligombana na Unguja, akapatana nayo, kisha akagombana nayo tena. Mgogoro mkubwa zaidi ulikuwa wakati wa Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Kila alipozidiwa, Mbaruk aliuacha ufuo na kupanda bara, hadi kwenye ngome yake ya Mwele, nyuma ya milima ya Shimba. Ngome hiyo ilizungukwa na msitu mnene, na haikufikika ila kwa njia nyembamba. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 ilizingirwa na jeshi jipya la Sultani lililoongozwa na Lloyd Mathews, ofisa Mwingereza aliyekuwa ameajiriwa na Barghash. Ngome ilitekwa, lakini Mbaruk mwenyewe aliponyoka, na baada ya muda akawa yuko Gazi tena.

Hapana budi tuseme pia upande wa pili wa maisha haya. Mbaruk alikuwa kabaila wa zama zake. Kama wakuu wengine wa pwani, alimiliki watumwa, na nguvu zake zilitegemea jasho lao na silaha walizombebea. Vita vyake na Unguja havikuwa vya kuwakomboa Wadigo wala Waduruma. Vilikuwa vya kurudisha heshima ya ukoo uliopokonywa Mombasa. Wapiganapo tembo wawili ziumiazo nyasi, na katika vita hivyo nyasi zilikuwa vijiji vya Kwale.

Kampuni na Mgogoro wa Takaungu

Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilikabidhiwa na Sultani usimamizi wa ukanda wa pwani. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea, lakini amri zilitoka kwa Waingereza. Jambo la kushangaza ni kwamba Mbaruk, aliyemkaidi Sultani miaka mingi, alielewana na Kampuni. Alipokea posho yake na kwa miaka kadhaa akawa rafiki yake. Pengine aliona kwamba adui wa zamani amepunguzwa nguvu, naye ameachiwa Gazi yake.

Amani hiyo ilivunjika kwa jambo ambalo halikuanzia kwake. Mapema mwaka 1895, Salim bin Khamis, mkuu wa Takaungu, alifariki dunia. Kwa desturi ya ukoo, aliyestahili kumrithi alikuwa mzee wa familia, naye alikuwa na jina sawa na la mkuu wa Gazi: Mbaruk bin Rashid. Maofisa wa Kampuni hawakumtaka. Walimpendelea Rashid, mwana wa marehemu, kwa kuwa walimwona mwepesi wa kuongozeka, na wakamweka kwa nguvu ya bunduki. Mbaruk wa Takaungu na nduguye Aziz wakakataa. Walipofukuzwa walikimbilia kusini, wakaomba hifadhi kwa jamaa yao wa Gazi.

Wakati huohuo Kampuni ilikuwa imefilisika. Tarehe 1 Julai 1895 serikali ya Uingereza ilichukua nafasi yake, na nchi ikawa Himaya ya Afrika Mashariki chini ya Kamishna Arthur Hardinge. Moja ya amri za mwanzo za serikali hiyo mpya ilikuwa kumtaka mkuu wa Gazi awatoe wageni wake.

Hapa ndipo maisha ya Mbaruk yanapofikia kilele. Alikuwa mzee. Alikuwa na nyumba, mashamba, posho na mahali pa kufia kwa utulivu. Kilichotakiwa kwake ni kuwakabidhi jamaa wawili. Lakini kwa mtu ambaye baba yake alikabidhiwa namna hiyo mwaka 1837, amri hiyo haikuwa jambo dogo. Isitoshe, katika desturi za pwani, aliyeingia nyumbani kwako kuomba hifadhi hatolewi. Mbaruk hakuwatoa. Aliiacha Gazi, akapanda tena Mwele.

Vita vya Mwele

Safari hii hawakuja askari wa Sultani peke yao. Admirali Harry Rawson aliongoza mamia ya mabaharia wa Kiingereza, wakifuatana na askari wa Kisudani na wa Unguja. Walitembea kutoka pwani, wakapita vichaka na milima, na tarehe 17 Agosti 1895 wakaiteka Mwele. Lloyd Mathews, aliyeijua ngome hiyo tangu awali, alikuwamo na akajeruhiwa. Baada ya vita, walioshiriki walitunukiwa nishani ambayo ukingoni mwake lilichongwa jina la Mwele pamoja na mwaka. Watu waliokaa huko siku chache walirudi kwao na jina la kilima cha Kwale vifuani mwao.

Hata hivyo, kuteka ngome si kuiteka nchi. Mbaruk aliponyoka kama alivyoponyoka zamani, na vita vikageuka kuwa vya kuvizia. Mapigano yalienea kutoka Vanga, mpakani, hadi karibu na Malindi. Wafuasi wake, wakiwemo Waswahili, Waarabu, Wadigo na watumwa, walishambulia vituo vya serikali kisha wakatoweka porini. Serikali nayo ilitumia njia ambayo wavamizi wengi wameitumia: wakishindwa kumkamata mpiganaji, humwadhibu mwanakijiji anayedhaniwa kumlisha. Vijiji vilichomwa na pande zote mbili. Hatimaye serikali iliagiza kikosi cha wanajeshi kutoka Bara Hindi, kilichofika na kuzidisha mbinyo mwaka 1896.

Uhamishoni

Mnamo Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na kuingia katika nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani, akiwa na mamia ya wafuasi. Alijisalimisha kwa Gavana Hermann von Wissmann, wakanyang'anywa silaha, wakapewa makazi. Wengi wa wafuasi wake walirudi makwao baadaye. Mbaruk hakurudi. Aliishi Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910.

Historia ina kejeli zake. Miezi michache baada ya Mbaruk kuvuka mpaka, tarehe 27 Agosti 1896, Admirali yuleyule Rawson aliipiga mizinga kasri ya Unguja kwa muda usiofika saa moja, ili kumng'oa Khalid bin Barghash aliyekalia kiti bila idhini ya Waingereza. Khalid naye alikimbilia kwa Wajerumani, akapelekwa Dar es Salaam. Hivyo mwana wa Barghash na hasimu mkubwa wa Barghash wakajikuta wakimbizi katika mji mmoja. Waliogombania pwani kwa miaka mingi walikuwa wamepokonywa wote wawili na mtu wa tatu.

Kwale yenyewe haikupumzika. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka huohuo kuelekea Mombasa, na Oktoba 1914 yakapigana na Waingereza hapohapo Gazi. Mwele nayo ilimwaga damu tena: Januari 1916 aliuawa huko Arthur Wavell, ofisa Mwingereza aliyekiongoza kikosi cha Waarabu wa pwani. Wavell alijengewa mnara wa kumbukumbu mjini Mombasa, karibu na Ngome ya Yesu, ile ngome ambayo baba yake Mbaruk aliwahi kuitawala.

Hitimisho

Turudi sasa kwenye swali letu. Mbaruk alikuwa mwasi kwa nani? Kwa Unguja, huenda neno hilo lina hoja, kwa kuwa alipatana nayo mara kadhaa kisha akavunja mapatano. Lakini kwa Himaya iliyotangazwa tarehe 1 Julai 1895, na kufikia katikati ya Agosti ikawa imeshateka ngome yake, ni utiifu gani aliokuwa ameutoa? Watu wa Gazi hawakuulizwa walipokabidhiwa kwa Kampuni, wala hawakuulizwa Kampuni ilipowakabidhi kwa serikali. Neno mwasi lilitungwa na aliyeingia, kumwelezea aliyekutwa ndani.

Tutazame mfano wa mbali. Ujerumani ya Hitler ilipoivamia Norway mwaka 1940, ilimpata mwenyeji wa kutawala kwa niaba yake, Vidkun Quisling, na jina lake likaingia katika kamusi za Ulaya kwa maana ya msaliti. Waliopinga uvamizi huo wanakumbukwa kama wazalendo. Hatusemi kwamba Uingereza ya Malkia Viktoria ilikuwa sawa na Ujerumani ya Hitler, wala si haki kumtwika Rashid wa Takaungu, aliyechaguliwa na wengine, mzigo wa Quisling. Tunachosema ni kwamba kule wenyeji waliwabatiza wenyewe watu wao majina. Kwetu kazi hiyo ilifanywa na mvamizi, nasi tukayapokea majina hayo kama yalivyo.

Wala tusikimbilie jina jingine kwa pupa. Kumwita Mbaruk shujaa wa ukombozi ni kuwasahau watumwa wake, ambao uhuru wao haukuwa katika azma yake. Ni kweli pia kwamba Waingereza waliojitapa kuupiga vita utumwa waliuacha ukiendelea kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907. Mbaruk alikuwa mtu mwenye makosa makubwa ambaye, siku ya kuamua ilipofika, alikataa kuuza waliomkimbilia, na kwa kukataa huko akapoteza kila alichokuwa nacho.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu hapa. Maofisa waliandika ripoti zao, na ndizo zilizozaa vitabu. Masimulizi ya Wadigo, ya Waduruma na ya wajukuu wa watumwa wa Gazi yamebaki vinywani mwa wazee, na kila mwaka wazee hao wanapungua. Kutoka Mombasa hadi Gazi si mbali. Atakayekwenda kuyakusanya, kwa Kidigo na kwa Kiswahili, huenda akalipata jina ambalo wenyeji wenyewe walimwita Mbaruk, kabla hajaitwa mwasi.