Siti binti Saad

Siti binti Saad (Fumba, Unguja, takriban 1880 – Unguja, 8 Julai 1950) alikuwa mwimbaji wa taarabu kutoka Zanzibar. Anakumbukwa kama mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliingizwa kwenye santuri na kuuzwa, na kama mtu aliyeitoa taarabu ndani ya majumba ya wakubwa na kuipeleka kwa wananchi wa kawaida kwa lugha ya Kiswahili.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Unguja. Baba yake, Saad, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na mama yake asili ya Uzigua. Wote wawili walitoka katika jamii iliyoletwa kisiwani na utumwa. Mtoto alipewa jina la Mtumwa. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulifutwa kisheria mwaka 1897, wakati yeye tayari ni msichana mkubwa. Kwa hiyo jina hilo halikuwa neno tu: kila aliyelisikia alijua mwenye jina anatoka wapi na amewekwa daraja gani.

Hakupata elimu ya shule. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa ufinyanzi, naye alijifunza kufinyanga vyungu kutoka kwa mama yake. Vyungu vilipokwisha kuchomwa, alivibeba kwenda kuviuza, akitembea kwa miguu na kunadi bidhaa yake kwa kuimba. Inasimuliwa kwamba watu walimtambua kwa sauti kabla hajafika mlangoni. Hakuwa na mwalimu wa muziki wakati huo. Ukitaka kutafuta chuo chake cha kwanza, ni hiyo biashara ya vyungu.

Aliolewa akiwa kijana, akazaa mtoto wa kike, kisha ndoa ikavunjika.

Kuhamia mjini

Mwaka 1911 aliondoka Fumba na kuhamia mjini. Uamuzi huo haukuwa mdogo kwa mwanamke aliyeachika, asiyejua kusoma, na asiyekuwa na ukoo wa kumsimamia. Mjini alikutana na Ali Muhsin, mpigaji wa taarabu, ambaye aliisikia sauti yake na kuanza kumfundisha kuimba pamoja na ala. Baadaye akaungana na wanamuziki wengine, wakiwemo Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban na Mbaruku Effandi Talsam. Kundi hilo ndilo lililofanya naye kazi katika miaka ya sifa zake kubwa.

Taarabu waliyoikuta mjini ilikuwa ya watawala. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki ili apige katika kasri lake. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa ya wanaume, na nyimbo zilizothaminiwa ziliimbwa kwa Kiarabu. Siti alijifunza kuimba kwa Kiarabu, na aliimba kwa Kihindi pia, kwa sababu wenyeji waliomwalika walikuwa wa makabila mbalimbali. Lakini umaarufu wake ulitokana na Kiswahili. Mtu wa kawaida, ambaye zamani angesikia taarabu kwa mbali bila kuelewa, sasa alielewa kila neno.

Alialikwa kuimba harusini, katika nyumba za matajiri na mbele ya Sultani. Hata hivyo makazi yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori kutoka Mji Mkongwe, walikoishi watu wengi wenye asili ya utumwa. Huko kundi lake lilikutana nyumbani kwake kufanya mazoezi na kutunga, na majirani walikuja kusikiliza.

Ni mjini pia alikopata jina la Siti, lenye asili ya Kiarabu na maana ya bibi mwenye heshima. Aliyezaliwa Mtumwa akawa Siti, na si kila mtu alifurahi. Washindani wake walitunga nyimbo za kumdhihaki, wakimkumbusha kwamba alifika mjini amevaa kaniki, nguo ya mafukara na ya watumwa, na kuuliza tangu lini amekuwa mtu. Walimcheka hata sura yake. Siti aliwajibu kwa wimbo: uzuri wa sura na ukoo si kitu, lenye thamani ni akili ya mtu.

Santuri za Bombay

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimwalika Bombay, Uhindi, pamoja na kundi lake ili kurekodi. Kabla ya hapo hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyefanya hivyo. Santuri zilizotokana na safari hiyo ziliuzwa kwa maelfu, zikasambaa Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko. Asiyekuwa na gramafoni alikwenda kusikiliza kwenye mikahawa. Kwa njia hiyo Kiswahili cha Unguja kilifika masikioni mwa watu ambao hawakuwahi kuvuka bahari.

Nyimbo zake

Siti na wenzake hawakuimba mapenzi peke yake. Walitunga juu ya mambo yaliyotokea mtaani: dhuluma, ulaghai, na upendeleo wa mahakama. Maarufu zaidi katika kundi hili ni wimbo wa Kijiti. Unahusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyetendewa ukatili na kuuawa Unguja. Mwanamume aliyetuhumiwa alitorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliotoka na mgeni huyo. Kuimba hukumu kama hiyo hadharani, chini ya ukoloni, kulihitaji ujasiri. Na kwa kuwa wanawake wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti wala kiti barazani, wimbo ndio uliobaki.

Kifo na kumbukumbu

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Mwandishi Shaaban Robert alikuwa amezungumza naye katika siku zake za mwisho, akaandika kitabu cha maisha yake, Wasifu wa Siti binti Saad, kilichochapishwa baada ya kifo chake. Ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo vya Kiswahili kumweka mwanamke wa kawaida kuwa mhusika mkuu wa wasifu.

Bi Kidude, mwimbaji wa Zanzibar aliyefariki mwaka 2013, alijifunza sanaa yake kwa kumsikiliza Siti. Chama cha wanahabari wanawake Tanzania, TAMWA, kiliita jarida lake Sauti ya Siti.