Heshima ya Kiraka: Maisha ya Harriet Powers

Neno kiraka halijapata bahati katika Kiswahili. Kutajiwa viraka vyako ni kutajiwa ufukara wako, na mtoto aendaye shuleni na kaptura yenye kiraka hukijua kicheko cha wenzake kabla hajaijua alfabeti. Watangazaji wa kandanda wamejaribu kulisafisha neno hili kwa kumwita kiraka yule mchezaji awezaye kujaza nafasi yoyote uwanjani. Makala haya yanakusudia kulitetea kwa njia nyingine, yaani kwa kusimulia maisha ya mwanamke aliyezaliwa mtumwa, akashona vipande vya nguo, na ambaye leo kazi zake mbili zimehifadhiwa katika makumbusho mashuhuri ya Marekani.

Maisha hayo yanatuhusu. Apitaye katika vichochoro vya Kibera au Kawangware hukuta mafundi wa cherehani vibarazani, na kando ya kila cherehani pana rundo la vipande vilivyobaki. Soko la Toi, lililo pembeni mwa Kibera, limeuza mitumba kwa miaka mingi, na si kila nguo iingiayo humo huweza kuvaliwa tena. Wapo akina mama na vijana wanaoyageuza mabaki hayo kuwa mikoba, mito, shuka na hata picha za kutundikwa ukutani. Sifa huwafikia upesi, malipo huchelewa. Swali ambalo walimu na wanafunzi wanapaswa kulitafakari ni hili: msanii wa namna hiyo huishije, na sanaa yake hudumuje mwaka baada ya mwaka?

Harriet Powers alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837, karibu na mji wa Athens katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Hiyo ilikuwa nchi ya pamba, na pamba ilikuwa kazi ya watumwa. Aliolewa na Armstead Powers mwaka 1855, wakajaliwa watoto, na baadhi ya watoto hao walizaliwa katika minyororo ile ile. Utumwa ulipofutwa kote Marekani mwaka 1865, Harriet alikuwa na umri wa miaka 28. Yeye na mumewe waliingia katika uhuru bila fidia. Hata hivyo, kufikia miaka ya 1880 walikuwa wamejipatia shamba la ekari 4, jambo ambalo si dogo kwa watu ambao miaka 20 kabla yake walihesabiwa kuwa mali ya wengine.

Katika maisha hayo ya jembe na jiko ndimo sanaa yake ilimopata nafasi. Alishona mifarishi, yaani yale matandiko mazito ya tabaka mbili au zaidi ambayo watu wa nchi za baridi hujifunika. Wanawake wengi wa wakati wake walishona mifarishi ya maumbo ya kurudiarudia. Powers alifuata njia yake. Alikata watu, wanyama, nyota na majua kutoka kwenye vipande vya nguo, akavishonea juu ya kitambaa kikubwa, akaligawa eneo zima katika vyumba, na kila chumba kikasimulia kisa chake. Alitumia mkono na pia cherehani. Wataalamu wameufananisha mtindo huu na ule wa mafundi wa Dahomey, nchi ambayo leo huitwa Benin.

Mfarishi wake wa kwanza kujulikana una vyumba 11, na visa vyake vinatoka katika Biblia: Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimuua Abeli, ndoto ya Yakobo, Yuda na vipande 30 vya fedha, kusulubiwa kwa Kristo. Mwaka 1886 aliuonyesha katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Hapo ukaonwa na Jennie Smith, mwalimu wa sanaa, Mzungu, ambaye alitaka kuununua papo hapo. Powers alikataa. Hakuushona ili auuze.

Miaka michache baadaye hali ya maisha ilimgeukia. Mnamo 1891, fedha zilipopungua nyumbani, alimwendea Smith akiwa tayari kuuza. Bei aliyoitaja ni dola 10. Smith alisema anazo dola 5 tu. Kwa ushauri wa mumewe, Powers akapokea hizo 5. Kabla ya kuuacha, alieleza kila chumba na maana yake, na Smith akayaandika maelezo hayo. Baada ya hapo Powers alirudi mara kadhaa nyumbani kwa mnunuzi ili autazame tu mfarishi wake, kama mzazi aendaye kumjulia hali mwanawe aliyelelewa na wengine.

Mgala muue na haki yake mpe. Bila Jennie Smith, yamkini mfarishi ule ungaliishia kuwa tambara, na maelezo ya fundi wake yangalipotea. Ndiye aliyeuhifadhi, ndiye aliyeupeleka katika maonyesho makubwa ya Atlanta mwaka 1895. Lakini haki hiyo haifuti ukweli mwingine, kwamba aliyelipwa nusu ya bei aliyoitaja ni yule aliyekuwa na uhitaji zaidi. Wako wanaopenda kusema kwamba shida ndiyo mama wa sanaa. Maisha ya Powers yanakanusha usemi huo. Shida haikumfundisha kushona. Shida ilimnyang'anya alichokishona.

Wala hakuacha. Mfarishi wake wa pili una vyumba 15, na ulikabidhiwa mwaka 1898 kwa mchungaji Charles Cuthbert Hall, aliyekuwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha Atlanta. Humo, pamoja na visa vya Ayubu, Musa na Yona, aliingiza historia ambayo watu wake walisimuliana kwa mdomo: siku ya giza la mchana ya mwaka 1780, usiku wa nyota kumwagika wa tarehe 13 Novemba 1833, na baridi kali ya Februari 1895. Tukio la nyota lilitokea miaka minne kabla ya kuzaliwa kwake, na la giza zaidi ya nusu karne kabla ya hapo. Aliyapokea kwa masikio, akayahifadhi kwa sindano. Kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi, huu ni ushahidi kwamba masimulizi hayahitaji karatasi ili yavuke vizazi. Sisi tuliozoea kusoma jina la kanga kabla ya kuitazama rangi yake hatupaswi kulionea ajabu jambo hili.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba Powers hakujua kusoma wala kuandika. Imani hiyo ilirudiwa katika vitabu hadi mtafiti Kyra Hicks alipochapisha mwaka 2009 habari za barua ambayo Powers aliiandika mwaka 1896. Ndani yake alieleza jinsi alivyojifunza kusoma, na akataja mifarishi mingine aliyoishona, ambayo haijaonekana tena. Yaani mwanamke huyu alikuwa amejieleza mwenyewe, ila dunia ilitosheka kumsikia kupitia vinywa vya wengine. Mwenye sindano alidhaniwa hana kalamu.

Harriet Powers alifariki tarehe 1 Januari 1910. Kaburi lake lilisahaulika, likagunduliwa upya mwaka 2005 katika makaburi ya Gospel Pilgrim mjini Athens. Mfarishi wa dola 5 sasa umo katika makumbusho ya Smithsonian jijini Washington; wa pili umo katika makumbusho ya sanaa ya Boston.

Turudi basi kwa mafundi wetu. Ni nini kilichomwezesha Powers kuendelea? Si soko, kwa sababu soko lilimpunja. Alikuwa na kipande cha ardhi kilichomlisha kwa miaka kadhaa, dini iliyompa visa, jamii iliyompa kumbukumbu, na ukaidi wa kukataa kuuza pale alipoweza kukataa. Ardhi ilipoyumba, uwezo wa kukataa uliyumba pia. Somo kwa Kibera na Kawangware liko wazi: msanii anayetegemea kazi moja kwa chakula cha siku moja hana nguvu mbele ya mnunuzi. Chama cha akiba, soko la pamoja, na kazi nyingine ya kuegemea, hata kama ni ya kutia zipu na kupunguza suruali, si adui wa sanaa. Ndivyo vimpavyo fundi ujasiri wa kusema bei yake na kusimama nayo.

Kwa walimu nina ombi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, umeipa sanaa mkondo wake katika sekondari ya juu. Tusiufanye mkondo huo kuwa wa kupamba kuta za ofisi. Mwanafunzi anaposhona picha kwa vipande vya mitumba, afundishwe kuandika jina lake kwenye kazi, tarehe, na maana yake kwa maneno yake mwenyewe. Afundishwe pia kuhesabu saa alizotumia kabla ya kutaja bei. Mambo hayo hayahitaji maabara wala vifaa vya kuagizwa ng'ambo. Yangalifanyika mjini Athens mwaka 1886, tungalikuwa na mifarishi yote ya Harriet Powers, na maelezo yake tungaliyapata kwa kalamu yake.