Maisha ya Alick Isaacs, Mgunduzi wa Intaferoni

Katika jarida hili la chama chetu tumezoea kusoma maisha ya wapigania uhuru, washairi na wanariadha, na mimi sina ubishi nao. Lakini safari hii nimekata shauri kuwaletea mtu ambaye hakushika bunduki wala hakutunga utenzi. Yeye alishika mayai ya kuku. Kwa mayai hayo alitufunulia namna mwili wa binadamu unavyopambana na virusi vya homa ya mafua saa chache tu baada ya kuingia puani, kabla hata hatujajua kwamba tumeugua.

Alick Isaacs alizaliwa mwaka wa 1921 mjini Glasgow, Uskoti, katika familia ya Kiyahudi yenye asili ya Lithuania. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Glasgow akahitimu mwaka wa 1944. Madaktari wenzake walikwenda wodini kutibu wagonjwa, lakini yeye moyo wake ulitekwa na maabara. Alikwenda Sheffield kujifunza habari za virusi, na mwaka wa 1948 akavuka bahari hadi Melbourne, Australia, kufanya kazi na Macfarlane Burnet, bingwa wa homa ya mafua wa zama hizo. Huko ndiko alikofunga pingu za maisha na Susanna Foss, mwaka wa 1949. Mwishoni mwa ziara hiyo alirudi Uingereza, katika taasisi ya utafiti wa tiba iliyokuwa Mill Hill, London, akawa msimamizi wa kituo kilichofuatilia homa ya mafua duniani kote. Homa ya mwaka wa 1957 ilipotoka Asia na kuua zaidi ya watu milioni moja, meza yake ilikuwa mojawapo ya zile zilizopokea habari za ugonjwa huo.

Sasa kulikuwa na kitendawili kimoja kilichowasumbua wataalamu. Ilijulikana kwamba kirusi kimoja kikishaingia mwilini, mara nyingi kingine hushindwa kuingia nyuma yake. Kwa nini? Hapa, wenzangu, tegeni sikio, maana nchi yetu inatajwa. Mnamo mwaka wa 1930 kondoo walikufa kwa wingi katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha, na watafiti wa Kabete wakatambua ugonjwa mpya, homa ya Bonde la Ufa. Mwaka wa 1937 watafiti wawili, Findlay na MacCallum, waliwaambukiza nyani kirusi hicho cha kwetu, kisha wakawatia kirusi cha homa ya manjano ambacho kwa kawaida kingewaua. Ajabu ni kwamba wengi wao walinusurika! Kwa hiyo kitendawili ambacho Isaacs alikuja kukitegua kilikuwa na mguu mmoja Naivasha. Sijawahi kuliona jambo hili katika kitabu chetu chochote cha darasani.

Mwaka wa 1956 alifika Mill Hill kijana kutoka Uswisi, Jean Lindenmann, naye alikuwa akiwaza jambo lilo hilo. Wakaanza kazi pamoja. Mwanzoni walitaka kujua tu kama virusi vilivyokufa huingia ndani ya seli au hubaki nje. Walichukua utando wa ndani ya yai lenye kifaranga wakaukata vipande, wakavitia katika maji ya chumvi pamoja na virusi vya homa ya mafua vilivyouawa kwa joto. Baada ya muda waliviondoa vile vipande, wakabaki na maji matupu. Maji hayo wakayamimina juu ya vipande vingine vipya, kisha wakaleta virusi hai. Virusi vilishindwa kuzaana! Kumbe ndani ya yale maji mlikuwa na kitu. Hakikuwa kirusi. Seli zenyewe ndizo zilizokitoa. Wakakipa jina la intaferoni, yaani kizuizi, wakaandika habari zake mwaka wa 1957.

Hebu tulieleze jambo hili kwa leo, kwa kuwa wengi wetu tukisikia neno kinga tunawaza kingamwili peke yake. Kingamwili ni askari wazuri, lakini wanachelewa. Kwa kirusi kigeni huchukua wiki nzima au zaidi kupata idadi ya kutosha. Je, katika siku hizo zote nani analinda boma? Virusi vya homa ya mafua, na vilevile vya Korona, vimebeba maagizo yao katika RNA. Seli ya pua au ya pafu ikiona RNA ya kigeni ikinakiliwa ndani yake, hupiga yowe. Yowe hilo ndilo intaferoni. Mara nyingi seli iliyopiga yowe haiponi, lakini majirani husikia na kujifungia milango: huwasha mamia ya jeni, husimamisha utengenezaji wa protini ambao kirusi kinautaka, hukatakata RNA. Kirusi nacho si mjinga. Kile cha homa ya mafua kina protini maalumu ambayo kazi yake ni kuziba mdomo wa seli isipige yowe.

Na lile joto la mwili, maumivu ya viungo, na ule uchovu unaomfanya mtu alale na sare ya shule? Si kirusi peke yake kinacholeta hayo. Watu wanaodungwa intaferoni kama dawa huumwa vivyo hivyo, bila kirusi chochote cha mafua. Mimi tangu nijue haya siichukii homa kama zamani, ingawa asubuhi ya kutembea kilomita kadhaa hadi shuleni bado inanishinda.

Tumrudie Isaacs. Mtasema bila shaka alibebwa juu juu kwa shangwe. La hasha! Magazeti yaliandika kwamba dawa ya virusi vyote imepatikana, lakini wanasayansi wengi, hasa Marekani, walitilia shaka. Intaferoni ilitoka kidogo mno, haikuweza kusafishwa vizuri, na iliyotoka kwa kuku haikufaa kwa binadamu. Wapo walioipa majina ya kejeli, kana kwamba ni kitu cha kuwaziwa tu. Kwa maoni yangu shaka yenyewe haikuwa dhambi, maana sayansi huenda hivyo. Kejeli ndiyo iliyopita mpaka. Aidha, haki ya watu wengine itajwe: mwaka wa 1954 Wajapani wawili, Nagano na Kojima, walikuwa wameshaandika habari za kitu kama hicho walichokiona katika sungura, lakini wachache waliwasikia.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 Isaacs alianza kuugua sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka kwa kuambiwa ujikaze. Ungekuja, ungemwacha, ungerudi tena. Nimesita kuandika aya hii. Hapa kwetu mtu akiugua akili watu humwondolea heshima yake, hata kazi aliyoifanya jana huonekana si kitu. Lakini maisha ya mtu yakisimuliwa nusu si yake tena. Katika miaka hiyohiyo ya ugonjwa aliendelea kuongoza idara ya virusi pale Mill Hill, na mwaka wa 1962 jaribio la kwanza kwa binadamu lilionyesha kwamba intaferoni iliyotoka kwa nyani ilizuia kirusi cha chanjo ya ndui kukua katika ngozi ya waliojitolea. Mwaka wa 1964 damu ilivuja katika ubongo wake. Alipata nafuu akarudi maabara. Mwaka wa 1966 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima kubwa kabisa kwa mwanasayansi wa Uingereza. Januari 1967 aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 45.

Hakuiona intaferoni safi hata siku moja. Kwa miaka mingi Kari Cantell wa Finland aliikamua kutoka katika damu nyingi sana apate kidogo tu. Kisha mwaka wa 1980 kundi la Charles Weissmann mjini Zürich likatangaza kwamba limezifanya bakteria kuitengeneza, na baadaye ikawatibu watu wenye homa ya ini na baadhi ya saratani. Hata hivyo haikuwa dawa ya kila kitu. Wazazi wetu wanakumbuka Kemron, iliyotangazwa hapa Nairobi mwaka wa 1990 kuwa tumaini la wagonjwa wa Ukimwi. Nayo ilikuwa intaferoni, ya kiasi kidogo sana, ya kunyonya mdomoni. Majaribio yaliyofuata hayakuona faida yake, na watu waliokuwa wameuza ng'ombe wakiitafuta hawakurudishiwa ng'ombe.

Lindenmann alirudi Uswisi, akaishi hadi mwaka wa 2015. Naye hakuwahi kusikia habari iliyotoka mwaka wa 2020, Korona ilipoturudisha sote nyumbani. Watafiti waliokuwa pamoja na Jean-Laurent Casanova waliwapima wagonjwa 987 waliolemewa kabisa na ugonjwa huo. Kati yao 101, na 95 wa hao wakiwa wanaume, walikuwa na kingamwili zilizogeuka adui wa nyumbani: zilikuwa zikiikamata intaferoni yao wenyewe kabla haijafika kwa majirani. Seli zao zilipiga yowe, na hapakuwa na aliyesikia.