Barua Iliyoua

Vitani, risasi si silaha pekee iuayo. Jina la mtu likitajwa pasipostahili huua vile vile. Jambo hili latuhusu sisi wa Mlangali na ndugu zetu wa visiwani, kwani sote tuliguswa na Vita Kuu ya Kwanza. Manowari ya Kiingereza Pegasus iliangamizwa bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Nyanda hizi za Njombe nazo ziliingiliwa mwaka 1916, majeshi ya Jenerali Northey yalipopanda kutoka Nyasaland.

Nyuma ya mizinga walikuwako wapelelezi. Aliyewaongoza wale wa Waingereza, kutoka Nairobi, alikuwa Richard Meinertzhagen.

Mtu huyu alizaliwa London mwaka 1878, akaja Kenya mwaka 1902 akiwa ofisa wa jeshi la King's African Rifles. Hakuja kwa wema. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikutana na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano ulioitwa wa amani, akamuua papo hapo. Wakubwa zake walimwona hana hatia, lakini hatimaye walimwondoa nchini. Alirejea mwaka 1914 pamoja na jeshi lililoshindwa Tanga, na mwaka uliofuata akakabidhiwa kazi ya upelelezi.

Kwa maelezo yake mwenyewe, watu wake waliokota karatasi zilizotupwa na maofisa wa Kijerumani, hata za msalani, na humo akapata amri na saini zao. Akasimulia pia habari ya Mwarabu mmoja aliyekuwa jasusi hodari wa Wajerumani. Aliposhindwa kumkamata, alimwandikia barua ya shukrani na kuitia fedha, kana kwamba mtu yule akiwatumikia Waingereza. Akaituma kwa njia ambayo lazima ingenaswa. Wajerumani waliisoma, wakaamini, wakamuua mtumishi wao mwaminifu.

Meinertzhagen alifariki mwaka 1967. Baadaye wataalamu waligundua udanganyifu mwingi katika maandishi yake, hivyo kisa hiki hakina shahidi mwingine. Hata hivyo, mafunzo yake ni bayana: jina likishatolewa, liwe la kweli au la uzushi, mwenye jina hapati nafasi ya kujitetea.

Ndiyo maana Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1996 ilifanya kuwa kosa la jinai kumfichua ofisa afanyaye kazi kwa siri, au raia aliyempa habari. Ofisa aliyefichuliwa huharibikiwa kazi. Lakini raia wake, aliyebaki kijijini bila ulinzi, huenda akapoteza roho.

Basi watumishi wa Serikali na wakumbuke kwamba karatasi iliyotupwa ovyo ofisini yaweza kuwa hukumu ya mtu. Wananchi nao waache kunong'onezana barazani kwamba fulani ni kachero, kwani asiye kachero hana sheria hiyo ya kumkinga. Na ofisa akivunja sheria, ashtakiwe mbele ya vyombo vinavyohusika. Usiri usiwe kichaka cha maovu. Bali jina la mtu lisifanywe mchezo. Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mifupa.